Mashine ya kufulia ikigoma: kagua maji, umeme na mpira wa kutolea kabla ya kulaumu bodi

Mashine ya kufulia ikigoma, neno linalotajwa haraka kuliko yote ni "bodi", yaani kipande cha elektroniki kinachoiendesha mashine. Fundi akishasema bodi imekufa, mazungumzo yamehamia kwenye bei, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza kama maji yanafika. Msimamo wangu ni kwamba bodi iwe mtuhumiwa wa mwisho. Katika nyumba zetu, zenye simtenki nje, umeme unaopanda na kushuka na bafu linalotumika pia kama chumba cha kufulia, hitilafu nyingi huanzia nje ya mashine: presha ya maji, soketi, mpira wa kutolea maji, sabuni, sakafu. Vitu hivyo unavikagua mwenyewe kwa bisibisi, plaizi, ndoo na mita ya umeme ya bei ndogo.

Kwanza jua unayo mashine ya aina gani, maana dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Kuna ya mapipa mawili, upande mmoja unafua na mwingine unakamua. Kuna otomatiki ya kufungulia juu, yenye sahani ya mabawa chini ya dramu. Na kuna otomatiki ya kufungulia mbele, ya mlango wa kioo. Chini humu nitaziita ya mapipa mawili, ya juu na ya mbele.

Na kabla hujaingiza mkono popote, chomoa plagi. Usitosheke kuzima swichi ya ukutani, kwa sababu soketi nyingine zimefungwa waya wa moto na nyutro vikiwa vimegeuzwa, na swichi ikizimwa inakata nyutro tu. Ndani ya mashine moto bado upo.

Maji hayaingii, au yanaingia kwa kubembelezwa

Soma kibandiko cha nyuma. Otomatiki nyingi zimeandikwa presha ya maji zinayotaka, mara nyingi kuanzia 0.03 au 0.05 MPa. Hiyo 0.05 MPa ni nusu bar, na nusu bar unaipata maji yakisimama mita 5 juu ya valvu ya mashine, ile koki ya umeme inayoingiza maji ndani. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Valvu iko karibu mita 1 kutoka sakafuni. Tenki likiwa kwenye mnara wa mita 3 na maji yakikaribia kuisha, umebaki na mita 2 tu, yaani bar 0.2. Bomba la bafuni litatoa maji vizuri na utaapa presha ipo, lakini valvu ya mashine ni tundu dogo lenye raba inayohitaji msukumo ili ifunguke sawasawa. Mashine inasubiri dakika zake, maji hayafiki kipimo, inasimama. LG huandika alama IE kwenye skrini yake. Samsung huandika 4C, au 4E kwa matoleo ya zamani.

Kabla ya kununua pampu, safisha chujio. Funga koki, fungua mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine, na ndani ya mdomo wa valvu utaona chujio dogo la plastiki lenye ulimi katikati. Likamate ulimi kwa plaizi ya mdomo mrefu, vuta taratibu moja kwa moja bila kupinda. Maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga na kutu, na vyote vinaishia hapo. Sugua kwa mswaki wa zamani. Likiwa na magadi meupe, liloweke kwenye siki nusu saa. Angalia pia upande wa koki, kwa kuwa mipira mingine ina chujio la pili huko. Usiendeshe mashine bila chujio hata siku moja. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya raba ya valvu, valvu haifungi tena.

Kisha elekeza mpira kwenye ndoo ya lita 10 na ufungue koki yote. Ndoo ikichukua dakika moja hivi kujaa, mtiririko si mbaya. Ikichukua dakika tatu, tatizo ni tenki au bomba, na suluhisho ni kuinua tenki au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalokwenda kwenye mashine. Wakati unajipanga, unaweza kuisaidia kwa ndoo. Anzisha programu kwanza, kwa sababu baadhi ya mashine hutoa maji yaliyomo kabla ya kuanza, halafu mimina polepole: ya juu unamwaga kwenye dramu, ya mbele unapitisha kwenye droo ya sabuni. Mashine inapima kina cha maji, haijali yamepita wapi. Ikifika kipimo itaanza kuzunguka yenyewe.

Kama mtiririko ni mzuri na bado haijazi, sikiliza. Valvu ikinguruma kwa mbali, umeme unaifikia na imeziba. Ikiwa kimya, chomoa plagi na upime koili yake: ohm 3,000 hadi 5,000 ni kawaida. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Nunua valvu nzima.

Tatizo la kinyume, mashine inayojaa bila kukoma, lina kipimo kizuri sana ambacho hakihitaji kifaa chochote. Chomoa plagi, acha koki wazi. Maji yakiendelea kuingia, valvu ndiyo haifungi, ama kwa mchanga, ama kwa sababu presha ni ndogo mno. Valvu hizi hutumia msukumo wa maji yenyewe kujifunga, na presha ikiwa hafifu huvuja tone kwa tone usiku kucha. Maji yakikoma ulipochomoa plagi, valvu ni nzima. Fuatilia sensa ya maji. Kuna kimpira chembamba kinachopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye sensa hiyo, na hewa iliyonaswa ndani yake ndiyo inayoiambia mashine kina kimefika wapi. Utope wa sabuni ukiziba mdomo wa chini, au kimpira kikitoboka, mashine haijui tena maji ni mangapi. Kichomoe upande wa sensa, puliza ndani yake kuelekea kwenye pipa mpaka usikie hewa inapita, kikague urefu wake wote, kirudishe.

Mpira wa kutolea: hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure

Mashine ya mbele ina pampu, nayo imetengenezwa ikitarajia mwisho wa mpira wa kutolea uwe juu, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Sasa ingia kwenye bafu lolote lenye mashine ya mbele uone mpira ulipo. Umelala sakafuni, mdomo umeelekezwa kwenye tundu la maji machafu. Pampu inapoanza mara ya kwanza mpira unajaa, na kuanzia hapo maji yanajivuta yenyewe kwenda chini hata pampu ikiwa imezimwa. Mashine inajaza, maji yanatoka. Inajaza tena, yanatoka tena. Mwenye nyumba anaona programu ya saa moja imefika saa mbili na nusu, maji ya tenki yamekwisha, nguo zimetoka na sabuni, na mashine inalalamika haipati maji. Fundi asiye makini anabadilisha valvu. Dawa yake ni ndoano ya plastiki iliyokuja na mashine, au kamba na msumari: funga mpira ukutani kwenye kimo cha sinki, kisha ushushe kwenye bomba la maji machafu. Usiusukume ndani ya bomba zaidi ya sentimita 10 au 15, na usizibe pembeni kwa nailoni au silikoni. Lazima hewa ipite.

Ya juu nyingi zinazouzwa kwetu ni kinyume kabisa. Hazina pampu. Zina valvu chini ya pipa inayofunguliwa na mota ndogo, na maji yanashuka kwa uzito wake. Ukiufunga mpira wake ukutani kama wa ile ya mbele, hautatoa kitu. Ulale sakafuni, usivuke kizingiti, usipande tofali, na ukiwa mrefu kupita kiasi ukate ubaki unaotosha. Kujua yako ni ipi, sikiliza wakati wa kutoa maji: pampu inavuma, mota ya valvu inasikika "tik" na kuguna kidogo, halafu maji yanatoka kimya kimya. Zipo za juu zenye pampu pia, kwa hiyo usiende kwa sura tu.

Mpira ukiwa sawa na mashine ya mbele bado haitoi maji (OE kwa LG, 5C au 5E kwa Samsung), fungua kidirisha kidogo chini kulia au kushoto mbele. Weka sinia au beseni la chini sana, toa kimpira kidogo cha dharura kama kipo, kizibue umwage maji, kisha ndipo ufungue kizibo kikubwa kwa kukizungusha kinyume cha saa. Usianze na kizibo: nyuma yake kunaweza kuwa na lita kadhaa za maji, na kama ulikuwa unafua kwa maji moto, yatakuunguza. Ndani utakuta sarafu, vifungo, pini za nywele, waya wa sidiria, uzi wa khanga uliosokotana. Ukishatoa, ingiza kidole (plagi imechomolewa) uguse panga la pampu. Lizunguke kwa kurukaruka, likishika na kuachia. Ndivyo sumaku yake ilivyo. Likizunguka hovyo bila kushika, limekatika kwenye ekseli. Likigoma kabisa, kuna kitu kimejikita nyuma yake. Pampu nzima hupima kati ya ohm 120 na 200 hivi.

Safisha kichujio hiki kila mwezi. Nyumba yenye watoto wanaoweka mawe na kokwa za ubuyu mifukoni, kila wiki mbili.

Inafua lakini haikamui

Anza na mzigo. Blanketi moja zito, likiwa peke yake, hukusanyika upande mmoja na kulowana. Mashine inapojaribu kuongeza mwendo inahisi dramu inayumba, inapunguza, inajaribu tena, mwishowe inaandika UE au Ub na kuacha. Hiyo si hitilafu. Zima, tandaza upya, au ongeza mataulo mawili kulisawazisha. Zulia la mlangoni lenye raba nyuma usiliweke kabisa.

Povu nalo huzuia kukamua, hasa kwa ya mbele. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya mashine ya mbele povu hilo linajaa kati ya dramu na pipa, linaizuia dramu kushika kasi, pampu inavuta povu badala ya maji, na lililobaki linatokea kwenye droo na kumwagika sakafuni, watu wanadhani mashine inavuja. Tumia sabuni iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya aina yako: vijiko viwili vya chakula kwa kilo 6 au 7 za nguo kwenye maji laini, kimoja zaidi kwenye maji ya chumvi ya kisima. Kama tayari povu limejaa, toa maji, weka nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye droo, endesha kusuuza mara mbili bila sabuni.

Mzigo na sabuni vikiwa sawa, kwa mashine ya juu jambo la kujua ni hili: kwenye mashine nyingi, mota ile ile inayofungua valvu ya maji ndiyo inayovuta wenzo wa klachi, ili dramu nzima izunguke badala ya sahani peke yake. Kwa hiyo mashine ya juu ambayo haitoi maji na haikamui haina matatizo mawili. Ina moja. Ilaze pembeni juu ya godoro la zamani, chomeka kwa uangalifu ukiwa mbali na waya, weka kwenye kukamua, mtu mwingine aangalie kama mota hiyo inavuta. Isipovuta, na mita inaonyesha umeme unaifikia, badilisha mota. Ni spea ya bei nafuu ukilinganisha na bodi. Ikivuta lakini valvu haifunguki, kuna kitambaa au sarafu imekwama ndani ya valvu.

Angalia pia swichi ya mfuniko. Mfuniko ukiwa umelegea bawaba, swichi haibonyezwi na mashine inaamini iko wazi. Kwa ya mbele, kitasa cha mlango kikichoka hakitoi ule mlio wa "tak" sekunde chache baada ya kuanzisha, na utaona dE kwa LG au dC na dE kwa Samsung. Kabla ya kununua kitasa kipya, safisha ulimi wa mlango na tundu lake. Sabuni iliyokauka inatosha kuuzuia.

Zile za mbele za zamani, hasa za mtumba kutoka Ulaya, zina mkanda na mota ya kaboni. Mkanda ukilegea, mota inasikika inazunguka na dramu imesimama. Namba imechapwa juu yake, kwa mfano 1240 J5: mzingo wa milimita 1240, mifereji mitano. Nunua namba ile ile. Kaboni ni vipande viwili vinavyosugua mota, na vikibaki chini ya sentimita 1 mota inapoteza nguvu, inatoa cheche, kisha inasimama. Badilisha vyote viwili kwa pamoja. Nimewaona mafundi wakitangaza mota imeungua wakati kilichokwisha ni kaboni za bei ya soda chache.

Umeme

Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya mota ya kawaida inashuka hadi asilimia 61 hivi, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Ndiyo maana mashine ya juu inayofua vizuri asubuhi inanguruma tu saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wanapika na kuangalia runinga. Pima volti kwenye soketi wakati mashine inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Ikiwa ni 225 ikiwa imezimwa na 190 ikiwaka, waya wa nyumba au ekstensheni ni mwembamba. Ya mbele yenye hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Inataka soketi yake yenyewe, waya wa milimita 2.5 za mraba, bila ekstensheni. Soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia pembeni ya tundu imelegea ndani. Ibadilishe kabla haijayeyuka.

Vile vifaa vya kulinda friji, vidogo vilivyoandikwa ampea 5, havifai kwa mashine yenye hita. Tafuta cha ampea 13 au 15. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha umeme dakika chache unaporudi, kwa kuwa bodi nyingi zinazokufa kweli hufa dakika ile umeme unaporudi kwa kishindo. Kama huna, chomoa mashine umeme ukikatika na usiichomeke mpaka utulie.

Sasa suala la kupigwa shoti. Ukigusa mwili wa mashine ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji na kuhisi mkono unatetema, mara nyingi chanzo ni kukosekana kwa waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ndani ya otomatiki kuna kichuja umeme chenye kapasita ndogo zilizounganishwa na mwili wa chuma. Bila ethi, mwili unabaki na karibu nusu ya volti za umeme wako, na testa inawaka. Mkondo wake ni mdogo, lakini siku hita itakapotoboka hautakuwa mdogo tena. Mashine za mtumba zenye plagi ya pini mbili za mviringo ndizo hatari kuliko zote kwa namna tunavyozichomeka: mtu anaingiza mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha anazisukuma pini mbili. Hapo hakuna ethi hata kama nyumba inayo. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, waya wa kijani na njano kwenye pini ndefu. Halafu muite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba inafika ardhini kweli.

Ikiwa sakiti breka inaruka dakika kadhaa baada ya kuanza, maji yanapoanza kupata moto, shuku hita. Chomoa plagi, toa waya zake, pima kati ya pini zake mbili: ohm 25 hadi 30. Pima kutoka pini hadi kwenye mwili wa chuma: mita isisome chochote. Ikisoma, hita imekwisha. Maji ya kisima ya pwani, Dar hadi Mombasa, huijenga hita gamba la chokaa mpaka inajipasua kwa joto. Kila mwezi au miezi miwili weka gramu 100 za asidi ya sitriki, ile ya unga, kwenye dramu tupu na uendeshe nyuzi 60. Usichanganye asidi wala siki na dawa ya kung'arisha yenye klorini katika mzunguko mmoja. Gesi inayotoka inaumiza mapafu.

Ya mapipa mawili

Hizi ndizo rahisi kutengeneza, na bado watu wanazitupa. Upande wa kufua ukinguruma bila kuzunguka, chomoa, geuza sahani kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito wa kawaida, shuku kapasita au mkanda. Ikikwama, fungua skrubu ya katikati, inua sahani, toa sarafu na waya wa sidiria vilivyo chini. Kapasita mara nyingi ni moja yenye thamani mbili, kwa mfano mikrofaradi 10 kwa ajili ya mota ya kufua na 5 kwa ajili ya kukamua, volti 450. Kabla ya kuigusa, itoe umeme uliobaki kwa kuunganisha rezista ya ohm 10,000 kwenye ncha zake kwa sekunde chache. Bisibisi inarusha cheche na inaweza kukuumiza. Nunua thamani zile zile. Volti zinaweza kuwa kubwa zaidi, kamwe zisiwe ndogo.

Upande wa kukamua ukisita, fungua mfuniko na uzungushe kikapu kwa mkono. Mfuniko ukiwa wazi breki inapaswa kushika. Ukifunga (au ukibonyeza swichi yake) iachie. Waya wa breki ukilegea au kushika kutu, breki haiachii na mota inaungua ikipambana nayo. Kaza waya, weka tone la mafuta. Usizime swichi ya mfuniko kwa kuiunganisha moja kwa moja ili ikamue ikiwa wazi, kama wengine wanavyofanya. Kikapu kinazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika na kimevunja mikono ya watoto.

Maji yakidondoka katikati chini ya upande wa kukamua, ni raba ya ekseli, ile yenye mikunjo. Bei yake ni ndogo, lakini ukichelewa miezi kuibadilisha, maji yatashuka moja kwa moja kwenye mota. Na kama upande wa kufua hauhifadhi maji, fungua kifuniko cha pembeni ndani ya pipa: kuna raba ya valvu inayovutwa na utepe uliofungwa kwenye kitufe cha kutolea maji. Uzi mmoja chini ya raba hiyo unatosha kuvujisha pipa zima. Utepe ukikatika, maji hayatoki; ufunge upya kwa waya usioshika kutu.

Chini ya mashine hizi, na za juu pia, huwa wazi. Panya wanaingia, wanatafuna waya na mipira, mende na mijusi wanajilaza juu ya bodi palipo na joto na kuunganisha njia za umeme. Funga wavu wa kuku wa matundu madogo chini, ukiacha nafasi ya hewa. Harufu ya kuungua pamoja na mjusi aliyekauka kwenye bodi ni habari njema kiasi: wakati mwingine kinachoungua ni fyuzi na rezista moja tu, na fundi wa elektroniki anarekebisha bila kununua bodi.

Kuruka, kupiga kelele, na mashine za mtumba

Mashine mpya ya mbele inayorukaruka hadi katikati ya chumba siku ya kwanza, geuza uangalie nyuma. Kuna bolti tatu au nne ndefu za kusafirishia. Zitoe, ziba matundu kwa vifuniko vilivyokuja, na uzihifadhi, maana siku ya kuhama utazihitaji. Kisha weka pimamaji juu ya mashine, pande zote mbili, urekebishe miguu minne na kukaza nati za kufungia. Mabafu yetu yana mteremko wa maji, kwa hiyo mguu mmoja utatoka zaidi ya mingine, hakuna ubaya. Usiweke vipande vya mbao au sahani chini ya miguu.

Kelele ya kukwaruza inayokuja na kuondoka mara nyingi ni waya wa sidiria kati ya dramu na pipa, na kwa ya mbele unaweza kuutolea kwenye tundu la hita baada ya kuitoa hita. Kelele inayopanda pamoja na mwendo, kama ndege inayotaka kuruka, ni beringi. Shika mdomo wa dramu tupu kwa ndani, inua na kushusha. Ikicheza na kugonga bila pipa la nje kusogea, beringi zimekwisha, na utaona michirizi ya kutu nyuma ya pipa. Namba zake zimechapwa pembeni: 6203, 6204, 6205 na 6206 ndizo zinazotumika sana, nazo huuzwa kwenye maduka ya beringi za magari kwa bei ya kawaida. Chukua zenye raba pande zote mbili, zilizoandikwa 2RS, na ubadilishe sili ya maji kwa wakati huo huo, kwa sababu sili iliyochoka ndiyo iliyoziua za kwanza. Ugumu uko kwenye pipa. Mashine nyingi za kisasa zina pipa la plastiki lililounganishwa kwa joto, halifunguliwi bila kukatwa kwa msumeno na kufungwa upya kwa skrubu na silikoni. Fundi mzuri anaweza, ila gharama ya kazi mara nyingi inakaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba.

Kwa hiyo ukienda kununua ya mtumba, fanya kipimo hicho cha kuinua dramu kabla ya kuuliza bei. Zungusha dramu kwa mkono usikilize. Ondoa raba ya mlango kidogo uangalie kama chuma chini yake kimeliwa na kutu. Angalia kama ilisafirishwa na bolti zake, kwa kuwa iliyosafiri kwenye kontena bila bolti imepigiza pipa njia nzima na vizuia mtikisiko vyake vimechoka: bonyeza pipa chini kwa mkono na uachie; likiruka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, vizuia mtikisiko viko kwenye hesabu yako. Mwambie muuzaji aijaze maji, aipashe moto hadi nyuzi 40 na aikamue ukiwa umesimama hapo. Asiye na maji dukani, mwachie mashine yake.